Usukani Usio na Saa Sita

Watu wa Mbinga mjini waliliita Pembe. Gari lenyewe lilikuwa na jina lake la kigeni, limebandikwa nyuma kwa herufi za kung'aa, lakini nani ana muda na majina ya kigeni? Siku ya kwanza liliposimama karibu na soko, vijana wa bodaboda walichungulia dirishani wakaona usukani hauna sehemu ya juu. Ulibaki ubao wa chini tu, na vishikio viwili vimesimama kushoto na kulia, kama fremu ya dirisha iliyong'olewa ubao wa juu. Wakasema hizi ni pembe za ng'ombe. Basi, mji ukishakubatiza umebatizwa, hata kama wewe ni gari la umeme lililopanda meli kutoka mbali.

Aliyezishika pembe hizo alikuwa Nazari Ndunguru, mzaliwa wa Mpepai, umri miaka sitini na mmoja. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa dereva. Aliendesha lori la kahawa la ushirika, akipanda Ukata msimu wa mvua, wakati barabara ni utelezi mtupu na wapagazi wanashuka kusukuma huku wanamlaani aliyezaa mvua. Baadaye akaendesha pikapu ya parokia, akibeba mapadri, saruji, maharusi na maiti. Katika miaka yote hiyo hakumwumiza mtu. Alimgonga kuku mmoja tu, kule Ukata, na kuku yule, kwa ushahidi wa mwenyewe, alikuwa kiziwi.

Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu watu siku hizi wanapenda kusahau. Wengine hapa wana kahawa, wengine wana ng'ombe, wengine wana watoto serikalini. Nazari alikuwa na ngoro chache, yale mashimo yetu ya kulimia, za mahindi na maharage kwenye mteremko, mke mmoja, Aurelia, watoto wa kusomesha, na jina lake la udereva. Mtu akisafiri na mgonjwa alisema, mtafuteni Nazari. Hilo ndilo lilikuwa pato lake hasa. Udereva alifundishwa na fundi wa misheni aliyempiga vidole kwa rula kila alipokosea: mikono saa nne na saa nane, Nazari, na kwenye kona mkono mmoja upande juu, saa sita, uvute. Saa nne, saa nane, saa sita. Mikono yake ilijua hayo kuliko midomo yake ilivyojua Baba Yetu.

Sasa kuhusu gari. Lililetwa na Florian, mtoto wa Mwalimu Hilda, ambaye yuko Dar es Salaam na ana kazi ya kompyuta isiyoelezeka. Mwalimu Hilda alikuwa mjane wa miaka sabini na sita, mzaliwa wa Mbamba Bay, aliyeolewa huku juu kwa Wamatengo na marehemu Mwalimu Tadei, akafundisha shule za msingi miaka thelathini na minane. Nusu ya watu wazima wa Mpepai walijua kusoma kwa sababu yake, na Nazari alikuwa mmoja wao. Ndiye aliyemfundisha saa, darasa la pili. Alichora duara ubaoni, akachora mishale, akawaambia watoto kwamba namba na saa hazikai pamoja. Namba iko ufukweni huku, saa iko ng'ambo ya ziwa. Mshale mfupi ukisimama kwenye kumi, panda mtumbwi, vuka, utaikuta nne. Watoto wote waliinua mikono wakapiga makasia hewani, wakaimba, "Mshale uko huku, saa iko ng'ambo!" Watoto wa milimani ambao ziwa lenyewe hawajaliona walivuka kila asubuhi, na hakuna aliyezama.

Mwalimu alikuwa na jambo moja alilolitaka katika uzee wake. Kila Ijumaa ateremke Mbamba Bay, akae mbele ya nyumba ya wazazi wake, ale usipa, dagaa wa ziwani, na ugali wa muhogo, ayatazame maji, jioni arudi. Florian alimnunulia gari kwa ajili hiyo, la umeme kwa sababu halipigi kelele, halitoi moshi na linachajiwa nyumbani kwa waya uliopita dirisha la jikoni. Akamwomba Nazari aliendeshe. Nazari alikubali kabla hajaulizwa mara ya pili. Kumwendesha mwalimu wako, mtu atake nini zaidi?

Kisha akauona usukani.

Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Alitaka kupiga honi, akapiga katikati ya usukani kama watu wote waliozaliwa na mama, gari likanyamaza. Honi ilikuwa kidude kidogo pembeni, sawa na kifungo cha shati. Taa za kukata kona nazo zilikuwa vitufe, na usukani ukigeuka vitufe vinageuka nao, kwa hiyo alipotaka kuonyesha kushoto alionyesha kulia, na bodaboda wakamtukania ukoo. Lakini hayo ni mambo ya kuzoea. Kilichomshinda ni pale juu. Kila kona mkono wake wa kulia uliruka wenyewe kwenda saa sita, ukakuta hewa. Ulifunga ngumi juu ya hewa. Alimwambia Aurelia kwamba ni sawa na kupanda ngazi gizani ukadhani imebaki ngazi moja, na haipo. Usiku mkono uliruka kitandani, Aurelia akauona.

Lilikuwapo karatasi la maelekezo, lakini la Kiingereza. Florian alikuwa anawahi ndege Songea, hakuwa na muda wa kulieleza. Alimwachia mama yake akasema, Mama, wewe ndiye mwalimu, mtafsirie mzee Nazari. Na Mwalimu akafurahi kweli. Tangu astaafu hakuna aliyemwomba kazi. Alivaa miwani, akachukua daftari na kalamu nyekundu, akakaa mezani asubuhi nzima chini ya saa kubwa ya ukutani, zawadi yake ya kustaafu, akaandika kwa mwandiko ule ule uliokuwa ubaoni Mpepai. Nazari aliipokea ile karatasi kwa mikono miwili. Mstari wa nne ulisema hivi: Kwenye kona kali, mkono upite saa sita. Ni marufuku kupitisha mkono saa kumi na mbili.

Aliusoma mara tatu. Saa sita ni juu, na juu hapana kitu. Saa kumi na mbili ni chini, na chini ndiko kwenye ubao. Alimwendea Mwalimu akamwuliza kwa adabu kama hapo hapakuwa na kosa dogo.

Mwalimu alivua miwani. "Nazari," alisema, "mimi nimefundisha saa miaka thelathini na minane. Wewe umefundisha miaka mingapi?"

Nazari alisema hakufundisha hata mmoja. Akaomba radhi, akaikunja karatasi, akaiweka mfuko wa shati.

Hapa nisimpendelee, maana mwenyewe hakujipendelea. Dereva wa miaka thelathini na minne ana macho. Angeweza kusema mstari huu hauingii akilini, akajifunza kupitisha mkono chini, na katika wiki mbili ungezoea. Lakini karatasi iliuambia mkono wake kile hasa mkono ulichotaka kusikia. Endelea vile vile. Pita juu. Akatengeneza ujanja wake: mkono wa kulia unaruka pengo, unadaka pembe ya upande wa pili, unavuta. Barabara kavu, mwendo mdogo, ujanja ulikubali. Akajiaminisha kwamba wazungu waliotengeneza gari walikusudia hivyo, wana maajabu yao.

Walishika njia ya ziwani Ijumaa tisa. Barabara ya Mbamba Bay siku hizi ni lami, lakini lami haikunyoosha milima. Zile kona zote zipo, na ukikosea kona moja unatazama vilele vya miti iliyo chini yako. Gari liliteremka kimya, linajichaji lenyewe kwa mteremko. Mwalimu alikaa mbele kushoto na kanga mpya, akisimulia. Ziwa lilipojitokeza aliacha kusimulia, akanyamaza mpaka wafike.

Ijumaa ya sita alimwita Nazari Tadei. Nazari aliitika, akidhani ulimi umeteleza. Ijumaa ya saba aliuliza mara nne kama mlango wa nyuma umefungwa. Ijumaa ya nane, wakiwa njiani kurudi, alimwomba asimamishe gari, akalia. Jikoni asubuhi ile alikuwa amekuta usipa wamekunjwa ndani ya shuka kabatini, na hakuna mwingine anayeishi katika nyumba ile.

"Kichwa changu kinavuja, Nazari," alisema. "Florian amekwisha kuniambia, nikianza kusahau atanichukua Dar es Salaam. Nitakufa ghorofani, ziwa silioni. Usimwambie."

Nazari aliapa kwamba hatasema. Aliapa kwa mama yake mzazi. Na hata pale, akiwa na ile karatasi mfukoni, hakuunganisha kitu na kitu. Mwalimu wake akisahau usipa kabatini, hilo lilikuwa jambo la uzee. Kwamba angeweza kusahau saa, hilo halikumpitia kichwani. Ingekuwa sawa na padri kusahau ishara ya msalaba.

Ijumaa ya tisa ilikuwa ya mwezi wa pili. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na ukungu ulikaa barabarani. Nazari alipendekeza waahirishe, Mwalimu akakataa, akasema zimebaki Ijumaa ngapi. Waliteremka polepole. Kwenye kona moja ya kulia Fuso la mahindi lilitokea likipanda katikati ya barabara. Nazari alisogea kushoto kulipisha, likapita, upepo wake ukatikisa vioo. Sasa ilibaki kukata kulia upesi, maana barabara ilikuwa inaisha mbele yao. Mkono wake ukapanda saa sita kama ulivyofundishwa kwa rula na kama ulivyoandikiwa kwa kalamu nyekundu. Uliruka pengo, ukateleza kwenye pembe, ukafunga ngumi juu ya hewa. Usukani ukajirudia. Gari likaenda moja kwa moja, likaingia mtaroni, likajigonga ukingo wa jiwe kwa upande wa kushoto. Ule ndio upande aliokaa Mwalimu.

Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya kushangaa, kwamba kanga yake imechafuka. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Nazari alitoka na mchubuko wa kifua. Hospitalini alikaa kwenye benchi siku mbili akiitazama mikono yake. Watu waliomjua walipita, wakasema pole, kisha wakatazama pembeni. Hakuna neno baya lililosemwa mbele yake. Ndivyo ulivyo mji wetu, unakuhukumu kwa adabu.

Florian alikuja. Mwalimu aliporudishwa nyumbani na kulazwa chumba cha ndani, Florian aliitisha kikao sebuleni: yeye, mwenyekiti wa mtaa, majirani wawili, Nazari na Aurelia. Florian si mtu mbaya. Alimwamkia Nazari shikamoo, akamwuliza kifua kinaendeleaje. Kisha akatoa lile karatasi la Kiingereza, akawaeleza watu taratibu kwamba gari lilikuwa na maelekezo na maelekezo yalikuwa mepesi. Kwenye kona kali mkono unapita kwenye namba sita, chini kabisa, penye ubao. Usipeleke mkono kwenye namba kumi na mbili, juu, kwa kuwa juu hapana kitu cha kushika.

Nazari aliinua macho. Ile saa kubwa ya kustaafu ilikuwa juu ya kichwa cha Florian. Alitazama namba sita, iko chini. Akavuka: saa kumi na mbili. Akatazama namba kumi na mbili, iko juu. Akavuka: saa sita. Aliuona mstari wote wa kalamu nyekundu ukipinduka mbele yake. Mwalimu Hilda alikuwa amesoma namba akaziandika zilivyo, akabaki ufukweni. Yeye aliyewavusha watoto wa Mpepai wote hakuwa amevuka.

Karatasi ilikuwa mfukoni, juu ya mchubuko. Ilikuwa imelowa ikakauka, lakini ilisomeka. Kuitoa ni kazi ya vidole viwili. Jina lake lingerudi palepale, mbele ya mwenyekiti, na kabla ya Misa ya Jumapili mji mzima ungejua. Na Florian angejua pia. Angeitazama ile karatasi, angemtazama mama yake, na wiki ijayo chumba cha ndani kingekuwa kitupu.

"Mzee Nazari," Florian aliuliza, "Mama alikuandikia, au hakukuandikia?"

"Aliniandikia."

Kutoka chumba cha ndani, mlango ukiwa wazi, sauti ya Mwalimu ilisikika, nyembamba lakini ya darasani. "Nilimwandikia kwa kalamu nyekundu."

"Sasa ilikuwaje?" Florian alimwuliza Nazari.

Aurelia alimtazama mumewe. Yeye alikuwa ameiona ile karatasi akifua shati, na alikuwa hajui kusoma vizuri, lakini alijua uso wa mumewe.

"Nilisahau," Nazari alisema. "Ni uzee."

Watu waliitikia kwa kichwa. Neno uzee liliwatosha wote, likafunga kikao. Florian alimshika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamelowa, akamwambia asante kwa kusema ukweli. Nadhani hakuna kofi ambalo Nazari angepigwa likamwuma kama ile asante.

Gari lilipandishwa kwenye lori likarudi Dar es Salaam. Mwalimu alibaki, akatafutiwa msichana wa kumhudumia, Luisa, binti wa watu wa Tingi. Hakuna aliyemnyang'anya Nazari leseni. Hakuna aliyeihitaji. Parokia walipata dereva mwingine kwa safari zile za mara moja moja walizokuwa wakimpa, na wenye wagonjwa wakaanza kutafuta namba nyingine za simu. Vijana wa bodaboda, kwa kuwa gari liliondoka jina likabaki halina mwenyewe, walimpa yeye. Shikamoo mzee Pembe. Aliitikia marahaba.

Siku Aurelia alipoambiwa na mumewe karatasi inasema nini, walikuwa shambani wakifukia majani kwenye ngoro. Alitupa jembe. Alisema ataipeleka mwenyewe kwa mwenyekiti, aisome mbele ya watu. Nazari alisema ameapa. Aurelia akasema hakuapa kuwakosesha watoto wake ada na yeye mwenyewe jina. Ndipo Nazari akamwambia lile lililokuwa chini ya yote, kwamba hata karatasi ikisomwa, yeye anajua. Macho yake yaliona ubao wa chini kila siku. Karatasi ilikosea, lakini mkono ulikuwa wake, na mkono ulifurahia kosa. Aurelia aliokota jembe akaendelea kufukia. Hakulitaja tena, ila tangu siku ile akiwa na jambo la kuandika alimpelekea jirani, si mumewe.

Na Mwalimu? Mwalimu aliwapokea wageni wa baada ya Misa akiwa kitandani, akawaambia wote habari moja. Nazari alikuwa mtundu tangu darasa la pili. Nilimwandikia kwa mkono wangu, hakufuata. Wageni walisikitika, wakampelekea Nazari salamu zake.

Alikwenda kumwona mwezi wa tano. Mahindi yalikuwa yamekomaa na baridi imeanza. Luisa alimfungulia akarudi jikoni. Kitanda kilikuwa kimesogezwa sebuleni ili mgonjwa aone watu, na kimewekwa mkabala na ile saa. Mwalimu alikuwa amekonda. Alimtambua mara moja, akampa mkono, na Nazari akamwamkia.

"Umechelewa," alisema Mwalimu. "Gari liko wapi?"

Nazari alisema gari liko nje.

"Mafuta umeweka?"

"Nimeweka, Mwalimu."

"Na ile karatasi niliyokuandikia, unayo? Uliifuata?"

Ilikuwa mfukoni. Hakuwa amejua aiweke wapi pengine. "Ninayo, Mwalimu. Niliifuata."

Mwalimu alitabasamu, mara ya kwanza tangu ajali, tabasamu la mwalimu anayerudisha daftari lisilo na kosa. Akajaribu kuvuta blanketi kutoka miguuni. Nyonga ikamkatalia, akatulia, akaona ajabu kwamba miguu haimtii. Kisha akainua macho ukutani. Jua la jioni lilikuwa limeingia mpaka mlangoni, na Luisa alikuwa anawasha jiko la chakula cha usiku. Mshale mfupi ulisimama kwenye nne.

"Saa nne asubuhi," alisema Mwalimu Hilda. "Twende, tufike ziwani kabla jua halijawa kali."

Nazari aliitazama saa. Mikono yake ilikuwa magotini, na mkono wa kulia ukainuka kidogo wenyewe, kama watoto wa darasa la pili wanapotafuta kasia. Aliushika kwa ule wa kushoto, akaurudisha chini.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema. "Saa nne."